Raha ya mtaa wenye miti, na afya iliyomo kivulini

Shangazi yangu anaishi Buguruni katika nyumba ya vyumba sita aliyoachiwa na marehemu mume wake. Mbele ya nyumba hiyo upo mwarobaini mkubwa. Chini yake ndipo anapokaa tangu baada ya sala ya adhuhuri mpaka jua linapopoa, ndipo wajukuu wanapochezea, na ndipo wapangaji wanapochambulia mchele na kusukana nywele. Katika joto la mwezi wa pili nilikwenda kumpima shinikizo la damu, maana yuko kwenye dawa, nikawakuta wanawe wawili wamekwisha leta fundi. Wanataka mti ukatwe zijengwe fremu tatu za maduka. Shangazi hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Aliponiona tu akasema, "Wewe si ndiye daktari wetu? Haya, waambie ndugu zako."

Mimi ni tabibu wa zahanati, si daktari bingwa, lakini kwa shangazi tofauti hiyo haipo. Siku ile nilijibu vibaya. Nilisema mti ni mzuri kwa afya, maneno ambayo kila mtu anayasema na hayajawahi kumzuia fundi mwenye shoka. Makala hii ndiyo jibu nililopaswa kuwapa.

Niliyajua mambo haya kwa mwili kabla sijayasoma chuoni. Nilikulia Oysterbay, na usidhani kuwa nilikuwa mtoto wa waziri. Marehemu baba alikuwa mtunza bustani katika nyumba ya mkubwa mmoja, nasi tulikaa chumba na sebule katika nyumba ya watumishi iliyokuwa uani. Hali yetu ilikuwa sawa na ya wenzetu wa Manzese. Nguo zilikuwa mitumba ile ile na sukari ilipimwa kwa kijiko. Tofauti yetu na wao ilikuwa moja tu, kwamba sisi tulilala chini ya mwembe.

Bati letu halikuguswa na jua tangu asubuhi mpaka alasiri. Usiku tulijifunika shuka, na mwezi wa saba tuligombea blanketi. Baba alipoamka alfajiri kutawadha, tulisikia ndege kabla ya kusikia gari. Kisha ulifuata mlio wa fagio la chelewa juu ya majani makavu, nyumba hadi nyumba, kama watu wanaoitikiana. Usiku popo walikula kungu juu ya mikungu na asubuhi sisi watoto tuliokota walizoangusha, tukazivunja kwa jiwe tupate kiini chake. (Leo namkataza mtoto yeyote kuokota tunda lililoguswa na popo, lakini wakati ule hatukuwa na mtu wa kutukataza.) Ilipofika mwezi wa kumi na moja mikrismasi iliwaka nyekundu barabara nzima. Mchana tulikwenda madrasa Msasani kijijini kwa miguu, peku, jua la saa nane likiwa utosini. Lami ilichoma, kwa hiyo tuliruka kutoka kivuli hadi kivuli na hatukuihesabu safari ile kuwa taabu. Ulikuwa ni mchezo.

Mwaka 2003 baba aliacha kazi, tukahamia Tandale. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Usiku wa kwanza nilidhani nina homa. Bati lilikuwa limekunywa jua mchana kutwa na sasa lilikuwa linatutemea. Mama alitandika mkeka barazani na mdogo wangu akatokwa na harara mwili mzima. Kutoka Oysterbay mpaka Tandale ni kilomita chache. Mji ni ule ule na msimu ni ule ule. Kilichobadilika ni kile kilichokuwa juu ya paa.

Sasa tuliangalie jambo hili kitabibu, na tuanze na joto, maana ndilo linalotuumiza zaidi na ndilo tunalolizoea haraka zaidi. Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi mchana hufika nyuzi 32 hivi, na usiku mara nyingi hazishuki chini ya 24. Nyuzi hizo peke yake si za kutisha. Tatizo ni unyevu wa bahari. Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza linapokauka. Hewa ikishiba maji, jasho hubaki linatiririka tu bila kukauka. Hapo moyo hulazimika kusukuma damu nyingi zaidi kwenye ngozi ili joto litoke. Kijana mwenye afya atalalamika na kuoga mara tatu. Mzee mwenye shinikizo la damu, mama mjamzito, mwenye kisukari na mtoto mchanga hawana akiba hiyo. Aidha, wagonjwa wengi wa shinikizo hutumia vidonge vinavyoongeza mkojo. Mgonjwa wa namna hiyo akikaa siku nzima kwenye chumba kinachochemka bila kunywa maji ya kutosha, hupungukiwa maji na chumvi, na akisimama ghafla huanguka. Kila msimu wa joto nawapokea zahanati wazee walioanguka chooni, na jamaa zao hunieleza kuwa ni jini au ni kijicho. Nikiuliza wamelala wapi, naambiwa chumba cha nyuma, dirisha moja, bati bila dari.

Mti hufanya kazi mbili juu ya nyumba ya namna hiyo. Kwanza hulizuia jua lisifike. Ukuta au ardhi iliyofunikwa na kivuli yaweza kuwa na ubaridi wa nyuzi 11 hadi 25 zaidi ya ile iliyo juani saa za mchana. Jaribu mwenyewe kwa kiganja, gusa ukuta wa nje upande wa magharibi saa kumi alasiri, kisha gusa ule ulio nyuma ya mti. Pili, mti hunyonya maji ardhini na kuyatoa hewani kupitia majani, makumi ya lita kwa siku kwa mti mkubwa, na maji yanapogeuka mvuke huchukua joto la pale yalipo. Ndiyo sababu kivuli cha mti kina ubaridi kuliko kivuli cha turubai, jambo ambalo kila aliyekaa kwenye harusi mchana analijua. Turubai huzuia jua lakini lenyewe huwa jiko.

Chumba kikipoa, mtu hulala. Na usingizi, ndugu msomaji, si starehe. Mtu anayelala saa nne kwa usiku, mwezi baada ya mwezi, shinikizo lake hupanda, sukari yake huvurugika, na hasira yake huwa karibu. Ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga ambao huishia kwa mjumbe, mimi nausoma kama ugonjwa wa kukosa usingizi.

Yapo pia mambo ambayo hayapimwi kwa kipimajoto. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha habari za wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, kati ya mwaka 1972 na 1981. Aliwalinganisha wagonjwa 46, wawili wawili waliofanana. Mmoja alilazwa penye dirisha linalotazama miti na mwenzake penye dirisha linalotazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka hospitali mapema, kwa wastani siku 7.96 dhidi ya 8.70, na waliomba dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Wauguzi walikuwa wale wale. Wagonjwa 46 si wengi, na utafiti mmoja haujengi sheria, lakini tangu hapo wengine wameona mambo ya kufanana na hayo. Huko Toronto, Kanada, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa wakazi wa mitaa yenye miti mingi zaidi kandokando ya barabara walijiona wana afya bora. Miti kumi zaidi katika eneo la mtaa mmoja ilikwenda pamoja na mtu kujiona kama amepunguza miaka saba ya umri. Nakiri kwamba wenye fedha ndio hukaa penye miti, na fedha nayo ni dawa. Watafiti walilizingatia hilo katika hesabu zao, na bado miti ilibaki na fungu lake.

Na macho ya watoto je? Huko Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 kati yao walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, wakati katika shule nyingine ilikuwa asilimia 39.5. Mwanga wa mchana, hata wa kivulini, una nguvu mara nyingi kuliko wa chumbani. Lakini mtoto hachezi nje mahali pasipo na kivuli. Atacheza dakika tano, kisha ataingia ndani kwenye televisheni au simu ya mama yake, na huwezi kumlaumu.

Msomaji atauliza ni nani aliyeamua kwamba mtaa huu uwe na miti na ule usiwe nayo. Si bahati. Mwaka 1924 serikali ya Waingereza iliugawa mji wa Dar es Salaam kanda tatu. Kanuni zilitaja aina ya nyumba, hazikutaja rangi ya mtu, lakini kila mtu alielewa. Kanda ya kwanza ilikuwa ya nyumba za Kizungu, yenye viwanja vikubwa na nafasi ya bustani. Ya pili ilikuwa ya maduka na makazi, ndiyo Uhindini. Ya tatu ilikuwa ya nyumba zetu, Kariakoo na kwingineko, viwanja vidogo vilivyobanana. Kati ya Kariakoo na mji wa wengine kiliachwa kipande cha wazi, ndicho Mnazi Mmoja. Sababu iliyotolewa kwa mgawanyo wa namna hiyo katika makoloni mengi ilikuwa afya. Matabibu wa enzi hizo waliamini kuwa Mzungu akikaa mbali na Mwafrika, mbu hatambebea malaria kutoka kwa mwenzake. Kwa hiyo upepo wa bahari, bustani na kivuli viligawiwa kama dawa, na dawa ile ilikuwa na wenyewe. Oysterbay ilijengwa kwa fikra hiyo, na baada ya uhuru wa mwaka 1961 ikarithiwa na wakubwa wa serikali na mabalozi. Na baba yangu, kwa mlango wa uani.

Wala tusidhani kwamba upande wetu haukuwa na miti. Soma majina ya vituo vya daladala: Mwembechai, Mkwajuni, Mwembe Yanga, Mikocheni. Jiji hili lilipewa majina na miti iliyokuwapo. Tumebaki na majina.

Hata hivyo sitaki kumdanganya mtu kwamba majani hayana madhara yake. Yanayo, na karibu yote ni ya uchafu wetu wenyewe.

La kwanza ni moshi. Katika mitaa yenye miti kuna desturi ya kufagia majani na kuyachoma kila asubuhi. Baba alifanya hivyo miaka yote, na mdogo wangu mwenye pumu alikohoa miaka yote, na hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Moshi wa majani mabichi na makavu yakichanganyika ni mzito, una chembe ndogo zinazoingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Wakiweka na mifuko ya plastiki humo ndani ni balaa jingine. Majani yakusanye kwenye shimo au kona ya ua, yamwagie maji kidogo, yageuze kila wiki. Baada ya miezi michache ni mbolea.

La pili ni mbu, na hapa watu hukosea sana. Wengi hukata miti wakiamini kuwa inaleta malaria. Mbu wa malaria hutaga kwenye maji yaliyotuama, na yule aliye maarufu kwetu hupenda zaidi madimbwi ya wazi yanayopigwa na jua, kama nyayo za ng'ombe na mashimo ya barabara. Mti ukiukata, dimbwi linabaki. Mbu wa homa ya denge ndiye wa kuogopa katika mitaa ya bustani. Huyu huuma mchana, na hutaga kwenye vyombo: sahani ya chini ya chungu cha maua, tairi, kifuu, tangi lisilo na kifuniko, mfereji wa paa ulioziba kwa majani. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi yakisubiri mvua. Homa hiyo iliutikisa mji wetu mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini zunguka nyumba yako, mwaga maji ya vyombo hivyo na uvisugue, maana mayai hunata ubavuni. Mtu akiwa na homa kali, maumivu ya viungo na nyuma ya macho, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, asinywe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni. Anywe panadoli kwa kipimo chake na maji mengi, na afike zahanati, hasa akitokwa na damu kwenye fizi, akiumwa sana tumbo au akitapika mfululizo.

La tatu ni safura. Nilipokuwa madrasa tulifundishwa kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza kujisaidia haja katika kivuli wanachopumzikia watu. Nilihifadhi kama adabu. Chuo cha utabibu ndicho kilichonionyesha upande wa pili. Yai la mnyoo wa safura likitoka na kinyesi linahitaji udongo wenye joto, unyevunyevu na kivuli ili liangue. Juani mabuu hukauka na kufa. Kivulini huishi wiki kadhaa yakisubiri unyayo mtupu, yakaingia kupitia ngozi, yakaenda kunywa damu tumboni. Kwa hiyo mtu anayejisaidia chini ya mwembe, au mama anayemwaga pale kinyesi cha mtoto akisema cha mtoto si kitu, anaziweka miguu ya watu wote wa mtaa hatarini. Mti wenye kivuli uwe na choo karibu, na watoto wavae ndara.

Pia kuna mmea wa mbono kaburi, ambao watu huupenda kwa uzio. Mbegu zake zina ladha ya karanga na watoto huzila, kisha hutapika na kuhara mpaka wanalegea. Usiupande penye watoto. Na huo mwarobaini wetu, pamoja na sifa zake zote, hautoshi kumtibu mtu malaria iliyothibitishwa, na mafuta yake asinyweshwe mtoto mchanga hata tone.

Sasa mwenye kiwanja kidogo afanyeje? Nyumba ya Kiswahili ina ua, na ua unatosha mti mmoja. Mpapai hukua haraka na haubomoi kitu. Mpera, mstafeli, mkomamanga na mlimao huvumilia kupunguzwa matawi. Kama nafasi ipo mbele, upande wa magharibi ndiko kwenye jua baya la alasiri, basi mti uwe huko. Mkuyu na jamii zake usiupande karibu na karo wala msingi, mizizi yake hutafuta maji na itayapata kwenye chemba yako. Mwembe uupe angalau hatua sita au saba kutoka ukutani. Chimba shimo la dhiraa moja kwenda chini na dhiraa moja upana, changanya udongo wa juu na samadi, panda mvua za masika zinapoanza, na uzungushie miiba kwa sababu ya mbuzi. Miaka miwili ya kwanza kiangazi unahitaji maji. Msikiti wetu mdogo ulitatua hilo kwa mfereji: maji ya kutawadhia, ambayo hayana sabuni, yalikuwa yanatuama nyuma ya ukuta na kuzalisha mbu. Mafundi wa jumuiya waliyaelekeza kwenye migomba minne na mwembe mmoja. Dimbwi limekwisha, na wazee wamehamishia mkeka wao huko baada ya alasiri. Na tunajua kuwa anachokula ndege, mnyama au mtu katika mti alioupanda Muislamu ni sadaka kwa aliyepanda, hata kama mwenyewe hakuwahi kuwaona walaji.

Wiki iliyofuata nilirudi Buguruni na kipimajoto cha ukutani nilichokiazima kazini. Saa tisa alasiri nilikitundika katika chumba cha shangazi kilicho nyuma ya mwarobaini, kisha katika chumba cha mwisho cha uani kisicho na mti, ambacho kila mpangaji hukihama kabla ya mwaka kwisha. Sikuwahubiria ndugu zangu. Niliwaachia wakisome wenyewe, wakaingia na kutoka mara mbili, na yule mdogo akauliza chumba kile cha uani hukaa kitupu miezi mingapi kwa mwaka. Walipiga hesabu ya kodi wakiwa wamekaa pale pale kivulini. Fundi alichora upya. Fremu ya tatu ingekata mizizi mikubwa ya upande wa barabarani, basi zitakuwa mbili. Mtu wa kwanza kuja kuulizia ni muuza juisi ya miwa, na anataka ile iliyo karibu na mti.